Motokari nzito ya zamani haipandi remorke yoyote tu

Ninyi wenyeji wa Lubumbashi, na ninyi familia mliofika hapa kwa kukimbia vita kule Pweto, Mitwaba, Manono ao Kivu, leo ninataka kusema juu ya remorke. Si ile kubwa ya kamyo inayobeba shaba kuelekea Kasumbalesa. Ninasema ile ya kufunga nyuma ya Land Cruiser ao Hilux, ambayo watu wanaipandishia motokari nzima: Mercedes ya mzee, Chevrolet iliyobaki tangu wakati wa Wabelgiji, Land Rover iliyolala miaka kumi chini ya mwembe. Madereva wanaotoka Tanzania wanaiita tela. Maoni yangu ninayatoa wazi tangu mwanzo: nyingi kati ya remorke tunazoziona barabarani mwetu hazifai kubeba motokari kubwa, na ni afazali familia ichange feza mwaka mzima kuliko kununua ile ya bei ya chini, yenye ekseli moja na isiyo na freni.

Najua kuna mtu atauliza: watu wanatafuta unga, wewe unatuletea habari za magari ya kizamani? Ni swali la haki. Lakini angalieni mji wetu. Tangu njanja ilipofika hapa mwaka 1910, wakati mji ungali unaitwa Élisabethville, magari yaliingia kwa treni kutoka kusini, na baadaye kwa reli ya Benguela iliyounganishwa na Katanga mwaka 1931. Magari makubwa ya Kimarekani yalikuwa fahari ya mji huu. Baadaye zikaja Peugeot 404 na 504, kisha Mercedes. Mfanyakazi wa Gécamines aliyepata motokari hakuwa na akaunti kubwa benki; motokari ndiyo ilikuwa benki yake. Hata leo, Jumamosi yoyote, Mercedes ya miaka ya 1970 iliyosuguliwa vizuri inapambwa maua na kukodishwa kwa arusi, na feza hiyo inalipa masomo ya watoto. Kwa familia fulani ni mali pekee iliyobaki yenye jina la papa kwenye karte roze.

Na kwa familia zilizohamishwa jambo hili ni kubwa zaidi. Wazee wanakumbuka mwaka 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa na kurundikana kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Treni ilibeba watu, godoro na sufuria. Motokari ilibaki, ao iliuzwa kwa bei ya kutupa kwa jirani aliyejua kwamba mwenyewe hana njia. Siku hizi treni ni chache, na mtu anayetaka kutoa gari la familia Kasenga, Likasi ao Kipushi anategemea barabara. Ndiyo maana remorke si kitu cha matajiri peke yao. Ni chombo cha kuokoa mali. Lakini chombo kibaya kinaua mali, na kinaua watu pia.

Tuanze na uzito, maana hapo ndipo watu wanajidanganya. Peugeot 504 ina kilo 1,200 na kitu. Mercedes ile ya 1976 hadi 1985, ambayo mafundi wanaiita W123, inakaribia kilo 1,400 ao kuzidi, kufuatana na mashini yake. Land Rover ndefu ya milango mitano inapita kilo 1,700. Cadillac ya 1959 inafika kama kilo 2,200. Mercedes 600, ile marais wengi wa wakati ule walipenda kuonekana ndani yake, ina karibu kilo 2,500 bila mtu. Sasa ongezeni remorke yenyewe: ya ekseli mbili, ya chuma, haipungui sana kilo 700 ao 800 ikiwa tupu. Ongezeni pia ile tabia yetu ya kujaza buti na viti vya nyuma kwa magunia, sanduku za vyombo na mashini ya kushona ya mama. Mkipakia Cadillac hiyo na vitu vyake, mnavuta zaidi ya kilo 3,100. Kwa hiyo remorke ya kutafuta ni ile iliyoandikwa kilo 3,500 kwenye kibao chake, uzito wa jumla, yaani remorke pamoja na mzigo. Wauzaji wengine wanasema "inabeba tani 3" wakati kibao kinasema tani 3 pamoja na remorke yenyewe. Tofauti ya hapo ni kilo 800, na kilo 800 si mchezo.

Kibao kikiwa hakipo, angalieni tairi. Tairi haidanganyi. Ubavuni mwake kuna namba mbili ao tatu zinazofuatwa na herufi. Namba 91 maana yake tairi moja inabeba kilo 615. Tairi nne zinabeba kilo 2,460, na hiyo haitoshi hata kidogo kwa mzigo tuliohesabu. Namba 104 maana yake kilo 900 kwa tairi moja, nne zinafika kilo 3,600. Hapo tunaweza kuzungumza. Remorke nyingi zinazochomelewa hapa mjini zinafungwa tairi zilizochoka za gari dogo, kwa sababu ndizo zilizopatikana. Chuma cha juu kinaweza kuwa kizuri kama cha daraja. Tairi ikipasuka kwenye teremko la barabara ya Likasi, chuma hicho kitaanguka pamoja na gari.

Siwasemi vibaya mafundi wetu wa kuchomea vyuma. Barabara ya Kasenga, Katuba, Ruashi, kuna watu wanaoweza kutengeneza fremu iliyonyooka kuliko nyingine zinazotoka Ulaya. Shida yangu iko kwenye sehemu ambayo hawaitengenezi: freni. Ulaya sheria inakubali remorke isiyo na freni mpaka kilo 750 tu, uzito wa jumla. Kupita hapo lazima iwe na freni zake. Sisi tunavuta mara nne ya uzito huo bila freni, kisha tunasema dereva alilogwa. Land Cruiser 79 yenyewe ina tani 2 na kitu. Ukiisukuma kutoka nyuma kwa tani 3, ni mzigo unaoendesha gari, si gari linaloendesha mzigo.

Freni inayofaa kwetu ni ile ya kusukumana. Gari la mbele likipunguza mwendo, remorke inasonga mbele kidogo, kichwa chake kinaingia ndani, kinavuta fimbo na waya, na magurudumu ya remorke yanajifunga yenyewe. Haina umeme, haina kompyuta, na fundi wa kawaida anaielewa kwa kuitazama. Zile za Kimarekani zenye freni za umeme ni nzuri pia, lakini zinataka kisanduku cha kuziongoza ndani ya gari, na hapa ni wachache wanaojua kukirekebisha. Hakikisheni pia kuna waya mwembamba wa usalama unaofungwa kwenye gari: remorke ikichomoka, waya huo unavuta freni kabla ya kukatika. Kuna watu wanaoutoa kwa sababu unawasumbua. Wanatoa kitu cha thamani kuliko remorke nzima.

Juu ya springi, mimi nachagua zile za mabamba, zinazofanana na za kamyo. Remorke nyingi za Ulaya zina springi za mpira zilizofichwa ndani ya bomba la ekseli. Kwenye lami ni tamu. Kwenye barabara yetu ya udongo mwekundu wakati wa kiangazi, yenye mawimbi kama bati, mpira huo unachoka, na ukichoka hakuna anayeufungua. Ni kutupa ekseli nzima. Bamba likivunjika njiani kuelekea Kasenga, mhunzi yeyote atakupa lingine jioni hiyohiyo.

Sasa kichwa cha kufungia. Hapa kuna mtego mdogo ambao wengi hawaujui. Remorke zinazoingia kwetu zinatoka pande nyingi: Afrika ya Kusini na Zambia kupitia Kasumbalesa, Ubelgiji, Marekani. Bulu, lile tufe la chuma lililofungwa nyuma ya gari, la Ulaya na la Afrika ya Kusini lina milimeta 50. La Kimarekani la inchi 2 lina milimeta 50.8. Kwa macho ni sawa. Lakini kichwa cha Kimarekani juu ya bulu la milimeta 50 kinacheza, na kikicheza kilomita 100 kwenye mashimo kinajiinua. Kinyume chake, kichwa cha milimeta 50 kinaweza kukataa kufunga sawasawa juu ya bulu la Kimarekani, na dereva anakipiga nyundo mpaka "kikubali". Tena Wamarekani wana bulu lingine kubwa zaidi kwa mizigo mizito. Namba imeandikwa juu ya bulu na juu ya kichwa. Dakika moja ya kusoma.

Upana nao unasahaulika. Motokari kubwa za Kimarekani si ndefu tu, ni pana. Chevrolet Impala ya 1959 ina urefu wa meta 5.36 na upana wa zaidi ya meta 2. Peugeot 504 ina upana wa meta 1.69. Kwa hiyo remorke iliyobeba 504 ya jirani vizuri inaweza kukataa Impala kabisa: magurudumu yanagusa vifuniko vya matairi, ao gari linaingia lakini mlango haufunguki, na dereva anatoka kwa dirisha kama mwizi. Pimeni kati ya vifuniko viwili vya matairi, ndani kwa ndani, kabla ya kutoa feza. Sakafu isipungue meta 5. Mkia wa gari unaweza kutokeza nyuma kidogo, lakini mkia wa gari la zamani ni mrefu na uko chini, na unasugua udongo wakati wa kupanda kama mbao za kupandia ni fupi. Sakafu ikiwa na kimo cha sentimeta 60, mbao za meta moja na nusu ni mlima. Tafuteni za meta 2 na nusu ao zaidi, ao remorke ambayo sakafu yake inainama. Na winchi ya mkono ni lazima, kwa sababu motokari nyingi tunazozibeba hazijitembezi. Vijana sita wakisukuma gari la tani 2 juu ya mbao zilizolowa mvua ya Januari ni njia ya kuvunja miguu sita. Kwa sakafu yenyewe, mbao ngumu ya kawaida inatosha. Msiniambie mukula, mti huo umekatwa vya kutosha.

Kupakia kuna kanuni moja inayopita nyingine zote: uzito uwe zaidi mbele ya ekseli kuliko nyuma. Karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote ikae juu ya bulu. Kwa tani 3, ni kama kilo 300. Ikipungua sana, remorke inaanza kutikisa mkia kwenye mwendo wa kilomita 70, kwanza polepole, halafu inashika gari na kulitupa. Dereva mgeni anakanyaga freni kwa nguvu, na hapo ndipo inapinduka. Anapaswa kuachilia gesi, kushika usukani wima, na kuacha mwendo ushuke wenyewe. Kupima kilo hizo 300 si lazima mwende kwa mtaalamu. Wauza mahindi wana mizani ya sahani ya kupimia magunia, na wanegosia wa madini wanayo pia. Ikiwa mizani inafika kilo hizo, wekeni kichwa cha remorke iliyopakiwa juu yake, remorke ikiwa sawa na ardhi na magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa mawe, someni namba, kisha sogezeni gari mbele ao nyuma. Gari lenye mashini nyuma, kama Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, linahesabiwa kinyume.

Fungeni magurudumu ao ekseli za gari, si bampa. Gari lililolala nje misimu kumi ya mvua lina kutu mahali ambapo jicho halifiki, na ndoano ikishikwa kwenye chuma kilichooza inang'oka na kipande mkononi. Mikanda minne ya kukazia, kila kona wake, na kuikaza tena baada ya kilomita 10 za kwanza. Kamba ya katani ni ya mbuzi.

Sasa jambo linaloniuma. Nimeona, na ninyi mmeona, motokari juu ya remorke na ndani ya motokari watu wamekaa. Mama na watoto, mara nyingi, kwa sababu nafasi kwenye gari la mbele imejaa na nauli ya basi haipo. Familia zilizohamishwa ndizo zinazofanya hivi zaidi, si kwa ujinga, bali kwa sababu mwenye remorke anawauzia nafasi hiyo. Ninasema wazi: mtu anayelipisha mama na watoto kukaa ndani ya gari lililo juu ya remorke anafanya biashara ya kifo. Hawana namna ya kumwita dereva, hawajui freni imeisha, na remorke ikichomoka wao ndio wa kwanza. Ikiwa lazima mchague kati ya motokari na nauli ya watoto, uzeni tairi za motokari mlipe nauli. Motokari itangoja.

Na usiku, hapana. Barabara ya taifa namba 1, kutoka Kasumbalesa kupitia hapa mpaka Likasi na Kolwezi, ni ya kamyo za shaba, kobalti na asidi. Dereva wa kamyo aliyechoka haoni remorke isiyo na taa mpaka amekwisha kuipanda. Taa za remorke zinahitaji plagi inayofanana na ya gari, yenye matobo 7 ao 13, na umeme unaofanana pia. Baadhi ya Land Cruiser za zamani zina volti 24, kama kamyo. Mkiunganisha taa za volti 12 zinaungua mara moja, halafu mtu anasema taa za Kichina ni mbaya. Kitambaa chekundu kilichofungwa nyuma si taa.

Kuna neno lingine la kweli ambalo wapenda magari hawataki kusikia: si kila motokari inastahili safari. Gari ambalo chasi yake imekatika, mashini yake imekwisha kuuzwa na karte roze haipo, kulivuta kilomita 200 ni kulipa gesi ili kuhamisha takataka. Kabla ya kukodi remorke, tafuteni karatasi. Wengi walikimbia bila vyeti; ombeni kwanza hati ya kupotelewa, kwa maana gari lililo juu ya remorke bila karatasi linafanana sana na gari lililoibiwa, na mtabishana na polisi wa barabarani kwenye kila kizuizi. Kama karatasi zipo na chuma bado kizima, hapo tunaweza kwenda. Kama hakuna, chukueni vioo, taa, milango na usukani, vitu ambavyo wenye magari ya arusi wanavitafuta, na muacheni mfupa.

Remorke ya namna ninayoieleza ni ghali, na familia moja haiwezi kirahisi. Kwa hiyo ninapendekeza tufanye kama tunavyofanya kwa maombolezo na kwa masomo: likelemba. Familia 10 ao 15 zilizotoka sehemu moja, ao mutualite ya kijiji, zinunue remorke moja nzuri ya ekseli mbili yenye freni, na kuikodisha kwa wengine wakati haina kazi. Inabeba motokari leo, kesho inabeba bati na magunia ya saruji ya yule anayejenga upya. Najua pingamizi: kitu cha wote ni kitu cha hakuna mtu, kitaharibika kwa mwaka. Kitaharibika kweli, ikiwa funguo iko kwa kila mtu. Iwe kwa mtu mmoja, alipwe kidogo, awe na kitabu. Kila anayeichukua aandike kilo alizobeba, njia aliyopita na hali ya tairi aliporudi. Anayeirudisha na tairi iliyopasuka anunue nyingine yenye namba ileile, si ile iliyopatikana. Mafuta ya bering yabadilishwe kabla ya mvua ya Novemba na baada ya mvua ya Aprili, maana maji ya madimbwi yetu yanaingia mpaka ndani ya kitovu cha gurudumu.

Na wale ambao wana safari moja tu maishani, gari moja la papa la kutoa Likasi, wasinunue chochote. Kodini kamyo yenye sakafu bapa inayorudi tupu, zipo nyingi. Zungumzeni na dereva mchana, mbele ya mashahidi wawili, mpatane juu ya bei, kamba, na nani analipa peaje, kabla gari halijapanda.